Shali ya Nyathira

Kapkatet,
2 Machi 2023

Maitu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa huku. Jua limekausha chai kidogo na ng'ombe mmoja amekataa kusimama akikamuliwa, lakini watu ni wazima. Mjukuu wako Nyathira amenipita kimo. Siku hizi nikimgombeza natazama juu, na yeye anajua, anacheka.

Nimechukua kalamu kwa jambo moja. Mwezi wa nne unafikisha miaka sabini na tano, na nimesikia kina mama wa kanisa lenu watakuimbia. Mimi nataka kukupa zawadi, na safari hii sitaki kubahatisha. Kwa mtu asiyejua kufuma kama mimi, kumnunulia mfumaji zawadi ni kama kumchagulia mtu mwingine miwani. Unakumbuka ule uzi wa rangi ya machungwa niliokuletea, wenye manyoya? Ulisema asante, ukausukuma chini ya kitanda, na miaka miwili baadaye nikaukuta umevalishwa birika. Birika, maitu. Na zile sindano nene za plastiki ulimpa mtoto wa jirani achezee. Sikukasirika, lakini niliona.

Nilimuuliza mwanao Njuguna, akasema nikununulie chupa ya chai. Unazo nne tayari, na zote ni yeye aliyeshauri. Hata kumpata wa kumuuliza imekuwa bahati. Lile duka la mabati la Ndanai limemmeza kabisa. Mwezi wa pili wote amelala hapa mara mbili tu. Anasema watu wa huko wanajenga kama wamepewa amri. Basi nampakia nguo safi na chupa ya maziwa ya mursik, anaenda.

Kwa hivyo nakuuliza wewe mwenyewe waziwazi: ni nini kitakufurahisha? Nijibu kwa karatasi, najua masikio yako yalishakataa simu. Kusema kweli nimeanza kuzipenda hizi barua. Duke wa gari la mkate anazibeba bila kulalamika, Alhamisi anachukua kwangu, Jumanne anachukua kwako. Watu wa huku wananicheka, Mkipsigis anayeita mama kwa Kikikuyu halafu anaandika barua nzima kwa Kiswahili. Nawaambia hapo ndipo mimi na mama mkwe wangu tulikutana.

Mwanao,
Mama Nyathira


Fort Ternan,
7 Machi 2023

Mama Nyathira,

Barua imefika pamoja na mkate. Mkate ulikuwa wa juzi, mwambie Duke nimejua.

Umefanya vizuri kuuliza. Wengi hawaulizi, wananunua kile kinachong'aa. Sikiliza sasa. Uzi hauchaguliwi kwa macho. Chukua mpira wa uzi usugue shavuni, halafu hapa chini ya kidevu, penye ngozi laini. Ukikuwasha wewe, utamwasha na mtoto. Kisha vuta uzi pole pole karibu na sikio. Ule mbaya unakwaruza, mzuri hausemi kitu. Mimi sisikii tena, kwa hivyo hiyo ni kazi yako.

Sindano zangu ni za chuma, na asubuhi baridi ya chuma inaingia kwenye vifundo vya vidole. Lakini nimezizoea, usihangaike.

Ninachotaka ni mipira sita ya uzi mweupe, ule wa watoto wachanga. Mweupe wa maziwa, si mweupe wa karatasi. Nataka kufuma shali. Ni kazi ya kanisa, kuna mama mmoja anakaribia kujifungua.

Nataka uuchague wewe kwa mkono wako. Usimtume mtu na usimwambie Njuguna akupitishie. Mkono wako ni mzuri, nimeuona katika hiyo nyumba miaka kumi na nane.

Ni mimi,
Mama Njuguna


Kapkatet,
23 Machi 2023

Maitu mpendwa,

Nimejiaibisha Kericho mjini kwa ajili yako. Duka la kwanza lilikuwa na mweupe wa karatasi, nikatoka. La pili, nikachukua mpira nikausugua shavuni, kisha chini ya kidevu, nimefunga macho. Mwenye duka ni mama mmoja anaitwa Drusilla. Alinitazama weee, mwishowe akaniuliza kama nimeshiba au bado niletewe na chumvi. Nikamweleza maneno yako. Akachukua mpira mwingine, akajisugua na yeye, akasema miaka yote anauza uzi na hakuwahi kuugusa na shavu. Tulivuta uzi masikioni wote wawili kama wagonjwa. Ule uliokwaruza tuliurudisha. Huu ninaokutumia haukusema kitu.

Sasa fungua kile kitambaa cha maua. Hukuniomba, lakini ulitaja baridi ya chuma na mimi nilisikia. Kaka yangu Kipchirchir alikuwa na mianzi iliyokauka juu ya jiko kwa mama, imekula moshi miaka. Amechonga sindano jozi moja, akazikwangua na kipande cha glasi. Mimi nimezipaka nta ya nyuki na kuzisugua siku nne. Nilizijaribu kwa kuzivuta juu ya kile kitambaa changu cha nailoni cha kichwani, na kila mahali zilipokwama nilirudia, mpaka zikapita kama maji. Kwenye vichwa vyake Kipchirchir amechoma herufi na msumari wa moto, moja A na nyingine N, mimi na wewe. Aliponiuliza ni za nani nilimwambia ni za mama yangu. Akadhani ni yule aliyetuzaa, na nikamwacha hivyo hivyo.

Nikiwa kwa Drusilla nilikumbuka shali ya Nyathira wetu. Unakumbuka ile wiki? Wamama wa kwetu walimtajia mtoto majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, na alipotajiwa Tabutany, nyanya yangu, akapiga chafya. Kwetu hapo maneno yameisha, jina ni hilo. Baba alikuwa ashafurahi. Lakini nilijua wewe una mtoto mmoja tu duniani, na kwamba kwenu msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba. Nikasema ataitwa Nyathira. Baba alikaa mwaka mzima bila kunitembelea. Halafu wewe ukaja na ile shali nyeupe, jina NYATHIRA limefumwa pembeni, ukaniambia hulifumi jina hilo mara mbili. Nilisahau habari ya baba siku hiyo hiyo.

Huyo mama wa kanisa amebahatika. Mwambie mtoto wake akue.

Mwanao,
Mama Nyathira


Fort Ternan,
28 Machi 2023

Mama Nyathira,

Uzi ni huo huo niliotaka. Hata Kericho mimi mwenyewe nisingeupata mzuri hivyo.

Sindano zimenishinda maneno. Ni nyepesi, na zinapata joto la mkono upesi. Nimeanza shali nazo leo asubuhi na vidole havijalalamika. Zile za chuma nimezifunga kwenye gazeti.

Umenipa zaidi ya nilichoomba, na hilo linanisumbua kidogo. Nitakulipa na kazi. Nitumie kipimo chako, kifua na urefu wa mkono. Nina uzi wa kijani kama majani ya chai, nikimaliza shali nitakufumia sweta. Usiseme huna haja. Kila mara nikija huko nakukuta umevaa koti kuukuu la Njuguna.

Nakuombea. Na wewe niombee mimi pia, usisahau.

Ni mimi,
Mama Njuguna


Kapkatet,
11 Mei 2023

Maitu mpendwa,

Wewe ni mtu wa ajabu. Duke ameshuka mwenyewe leo asubuhi na kifurushi, akaniambia, "Mama Nyathira, hii ni yako kutoka kwa shosho wa Fort Ternan." Nikajua ni sweta. Nikakata kamba na meno.

Ni shali. Nimeikunjua juu ya kitanda na nikakaa chini. Ni ule uzi wetu, niliutambua kwa shavu kabla ya macho. Ina harufu ya nyumba yako, ya moshi na sabuni. Na pembeni, NYATHIRA, herufi zile zile, hata ile Y inayoegemea upande mmoja.

Sasa niambie, umefanya nini? Nyathira ana yake tayari. Iko kwenye sanduku, imegeuka rangi ya siagi, lakini iko. Ulisema jina hilo hulifumi mara mbili. Au uliona ile imechoka ukataka aolewe akiwa na mpya? Mtoto yuko kidato cha tatu, maitu, usimharakishe. Au yule mama wa kanisa alipata yake na uzi ukabaki? Ni mdogo sana uzi kufanya shali mbili, hata mimi nisiyejua kufuma najua hivyo.

Nilimpigia Njuguna kumwambia. Akasema ana wateja, akakata.

Hata hivyo asante. Nimeiweka juu ya mto wa Nyathira aikute akifunga shule. Kabla ya hapo niliivaa mabegani nikazunguka nayo nyumbani kama bibi harusi, na nikafurahi kwamba hakuna aliyeniona.

Mwanao,
Mama Nyathira


Fort Ternan,
16 Mei 2023

Mama Nyathira,

Duke amekosea. Hiyo shali ni ya ile kazi ya kanisa. Mrudishie Alhamisi, akunje vizuri, usiifue.

Jina pembeni ni langu mimi mfumaji. Siku hizi watu wanaandika majina kwenye kazi yao.

Sweta yako inaendelea, nimefika kwapani. Usimsumbue Njuguna na habari hii, ana mambo mengi.

Ni mimi,
Mama Njuguna


Kapkatet,
18 Mei 2023

Maitu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama shambani, kikapu mgongoni, na nimeirudia mpaka wenzangu wakaniuliza kama kuna msiba.

Umefuma miaka hamsini. Umevalisha nusu ya Fort Ternan. Sijawahi kuona jina lako kwenye kofia wala soksi. Kwa hivyo hilo la mfumaji tuliweke kando, tafadhali, mimi si mgeni kwako.

Nimemuuliza Duke, na usimlaumu, amejibu tu alichoulizwa. Kwenye karatasi uliandika "Mama Nyathira, kwa Njuguna". Ukamwonyesha na mkono upande wa Sotik, njia ya Ndanai. Yeye akafikiri, kwa nini nipeleke dukani Ndanai wakati mwenyewe nampitia hapa njiani Kapkatet? Alidhani ananisaidia. Anamjua Mama Nyathira mmoja tu, kama mimi.

Nimekaa nikahesabu kwa vidole. Msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba. Ulinifundisha wewe, jikoni kwako, nikiwa na mimba. Binti huna. Mtoto wako ni Njuguna peke yake. Mtu mwingine wa kuweka jina lako kwa mtoto hayupo. Hata mama wa kanisa hawezi, hata akikupenda namna gani.

Basi nakuuliza vile nilikuuliza habari ya uzi, waziwazi. Kuna Mama Nyathira mwingine?

Shali sijampa Duke. Iko hapa. Andika ndiyo au siyo, sihitaji barua ndefu. Ukisema siyo nitakuamini, na nitakuomba msamaha kwa magoti. Naomba sana useme siyo.

Mama Nyathira,
wa Kapkatet


Kapkatet,
8 Juni 2023

Mama,

Jumanne tatu zimepita. Duke amekuja na mkate peke yake mara zote tatu, na mara ya mwisho hakutaka kunitazama usoni. Kwa hivyo nilienda Ndanai.

Najua unataka kujua kama nilipigana. Sikupigana. Njuguna alikuwa ameenda kuchukua simiti. Nilipita duka nikazunguka nyuma, na huko kuna nyumba ya mabati mapya, mlango wa bluu. Anaitwa Janeffer. Ni Mkipsigis kama mimi, kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mwanamke mkali. Huyu aliinuka, akanipa kiti chenye mto, yeye akakaa kwa kigoda, akaniita mama. Akanikaribisha mursik. Chupa niliijua. Ina ufa kwenye kifuniko, niliuziba mwenyewe na nta.

Nilikuwa nimebeba shali kwenye mfuko nikitaka kuitupa mezani. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Mama, asante kwa uzi."

Nikamuuliza uzi gani.

Akaniambia yote, macho yake makavu kabisa, kwa sababu hakujua kuna kosa. Kwamba aliogopa sana kupata mtoto bila mke mkubwa kukubali. Kwamba wewe ulimtuliza. Ulimwambia mimi nimekubali, ila ni mwanamke wa aibu sipendi kuzungumza, na kwamba ili ajue nimekubali, nimeenda mwenyewe hadi Kericho nikachagua uzi wa kumpokea mtoto, nikausugua shavuni. Ulimpa hata hilo la shavuni. Alikuwa akisubiri shali tangu mtoto azaliwe, akidhani labda nimebadilisha nia.

Ndiyo maana ulisema nichague kwa mkono wangu. Ndiyo maana Njuguna asinipitishie. Hukuwa unataka uzi, mama. Ulikuwa unataka kibali, na ukajua nikiulizwa nitakataa, kwa hivyo ukakichukua bila kuniuliza, huku nikicheka na Drusilla dukani.

Njuguna alifika jioni, akanikuta. Unajua alijibu nini? "Mama alisema ameongea na wewe." Ametulia nyuma ya kanga yako, mtu wa miaka arobaini na tano. Yeye nitamalizana naye, nimeshamwambia alale huko huko anakojenga. Wanaume wa namna yake tunawaona kila siku ya soko na huwa tunawasema. Lakini wewe sikuwahi kukuwazia. Nilipoingia kwenu watu wako walisema Njuguna ameokota mwanamke, na ni wewe uliwanyamazisha. Mimi nilimnyima nyanya yangu mtoto ili nikupe wewe. Umenisaliti, na umefanya hivyo na zawadi yangu mwenyewe mikononi.

Shali nimemwachia mtoto. Ana paji lako la uso, na alikuwa amelala kwenye taulo la kuogea. Yeye hakumwambia mtu uongo. Janeffer naye nimemwambia ukweli kabla sijaondoka, na hapo ndipo alilia.

Sindano nazitaka. Kaka yangu alizichonga za mama yangu. Mpe Duke.

Abigael


Fort Ternan,
20 Juni 2023

Mama Nyathira,

Sijui nikuite nani mwingine.

Uliyosema ni kweli, yote. Hakuna hata moja la kukanusha. Nilikaa Jumanne tatu na karatasi mbele yangu, nikiandika siyo, nikiichana.

Njuguna alikuja mwezi wa kwanza, akapiga magoti hapa kwenye saruji na mwanamke tayari ana mimba ya miezi mitano. Nilimpiga na mwiko. Halafu akasema kama ni msichana atampa jina langu. Nilipaswa kumwambia aende kwako kwanza. Sikumwambia. Nilifurahi, na furaha hiyo nimeionea haya tangu siku ile. Nina mtoto mmoja, jina langu lilikuwa limepata mtu mmoja tu wa kulibeba, na mimi ni mzee.

Nilijiambia ukishika uzi wake, utakuwa umemshika mtoto. Kwamba siku moja nitakuambia, na wewe utaona ulishatoa, na huwezi kutoa kitu halafu ukakinyang'anya. Nilikutegea wema wako kama mtego. Hiyo ndiyo kweli.

Na kuna nyingine. Niliogopa ukijua utaondoka. Tangu masikio yafunge, Njuguna akija anakaa nusu saa akinichekea kama mtoto mchanga, halafu anaenda. Kanisani wananipungia mikono. Wewe peke yako ndiye unayeniambia ng'ombe amekataa kusimama. Nilidanganya ili nisipoteze barua.

Sindano ninakutumia. Lakini ziko na sweta yako juu yake, ile ya kijani. Imebaki mkono mmoja na nusu ya kola. Sina sindano nyingine za ukubwa huo za kuihamishia, zile za chuma ni nyembamba, na kuvua stichi kabla hazijafungwa mkono wangu umekataa. Kwa hivyo ninaituma ilivyo. Ukitaka niimalize, nirudishie yote, sitasema neno, nitafuma tu. Ukitaka sindano, zivute. Stichi zitaanguka, lakini sindano zitatoka safi, ulizisugua vizuri.

Nitamtazamia Duke.

Maitu wako, kama bado,
Mama Njuguna


Kapkatet,
29 Juni 2023

Mama Njuguna,

Kifurushi kilifika Alhamisi iliyopita. Wiki nzima kimekaa juu ya kabati, na leo nimekaa nacho kibarazani tangu nirudi kutoka kituo cha chai.

Nimejipima. Ulipatia kifua, na mkono uliokamilika unafika pale pale panapotakiwa. Uzi nimeusugua shavuni. Ni mzuri, haukwaruzi.

Nimevuta ile yenye N kwanza, halafu yenye A. Stichi zilibaki zimesimama kidogo, kila moja na mdomo wazi. Nilipoinua sweta zikaanza kushuka zenyewe, mstari baada ya mstari. Sikujua zinashuka haraka hivyo.

Nimezungusha uzi wote ukawa mipira mitano, na Duke anakuletea. Ndanai kuna baridi mwezi wa saba, na kile kitoto kina shali tu. Ng'ombe amekubali kusimama. Nimekuambia hilo kwa sababu ulimtaja, na ni la mwisho nitakalokuambia.

Nyathira amefunga shule jana. Nilimketisha nikamweleza kwa nini baba yake hayupo, halafu nikamwambia jina alilolipigia chafya akiwa na siku nne. Hakuwa amewahi kulisikia. Alilitamka mara mbili tatu, akasema atalitumia. Nami nimemkubalia, kwa sababu jina lako sasa lina mtoto wake huko Ndanai, na mama yake.

Mama Tabutany